Mkono Juu ya Kichwa

Mara ya tisa polisi walimbeba binti juu juu kuelekea kwenye lori, mara ya tisa binti akaweka kiganja utosini, na mara ya tisa mwongozaji akasema kata.

"Unaonekana kama mtu aliyesahau funguo ndani ya nyumba," akamwambia.

Waandamanaji wakacheka. Polisi, ambao mmoja wao siku nyingine zote ni fundi bomba, wakamshusha binti taratibu.

Mwongozaji aliinua tena ile picha ya gazetini. Nani hakuijua? Nyota wa filamu, miwani myeusi imemficha nusu ya uso, anabebwa na polisi wanne mbele ya geti la kiwanda cha nguo. Kiatu kimoja hakipo. Kiganja kimetua utosini. Tangu siku ile, wafanyakazi wakigoma popote, huweka viganja vichwani. Filamu nzima ya maisha yake ilijengwa juu ya mkono ule. Mwongozaji alishaeleza kuwa ni ishara ya taji, halafu ya msiba, halafu ya kiapo. Binti alijaribu vyote vitatu na hakuna kilichokaa.

"Ikifika saa sita hatujapata, naitoa sehemu hii," mwongozaji akatangaza. "Tutaonyesha picha yenyewe, basi."

Pale getini, bibi mmoja aligeuka akamtazama.

Alikuwa amepewa sehemu hiyo moja tu: asimame katika umati, kamera impitie usoni. Sekunde nne. Zamani alikuwa mbadala wa nyota, kwa kuwa walifanana umbo na kimo. Goti lake la kulia aliliharibu akiruka dirisha la ghorofani kwa niaba yake. Filamu kumi na moja aliruka, akaanguka, akaendesha pikipiki, na siku ambazo chupa ilimzuia nyota kuamka, hata kutembea tu alitembea badala yake. Katika zote kumi na moja anaonekana mgongo tu. Kwa hiyo nyota alimwita Mgongo, naye akamwita nyota Uso.

"Wakija kutengeneza filamu yangu, Mgongo," Uso alimwambia hospitalini, wiki ya mwisho ya uhai wake, "hakikisha wanakuonyesha sura." Akacheka mpaka akakohoa. Kicheko hicho ndicho bibi alichobaki nacho.

Wakati wa mapumziko alimfuata binti kwenye kiti cha mpambaji. Binti alikuwa akijikuna chini ya wigi. Ilibidi walitafute kwa shida, maana marehemu alisifika kwa nywele zake mwenyewe, nzito, za kufika mabegani. Wigi hakuwahi kulivaa. Hata alipoigiza malkia, walimsuka zilezile.

"Bibi, wewe ulimjua," binti akasema. "Alikuwa anawaza nini pale?"

Bibi akachukua kitana. Alisema marehemu hakupenda kuizungumzia siku ile. Alipenda kusimulia kesho yake: alivyoamka, akaiona picha gazetini, akalia, akamwaga chupa zote kwenye sinki, kisha akaenda kiwandani kwa miguu yake. Akaendelea kwenda miaka ishirini. Walimfukuza kwenye filamu kwa sababu hiyo, na hakuwahi kuwa na raha kama miaka ile.

"Hiyo hainisaidii mkono," binti akanung'unika.

"Geuka nikuweke nywele sawa, mjukuu wangu."

Vidole vya bibi vikapita kisogoni polepole, kwa upendo. Vibanio viwili vya wigi vikaingia mfukoni mwake.

Mara ya kumi. Polisi walimnyanyua binti, wigi likateleza, mkono ukaruka wenyewe ukatua utosini. Shingo ikakakamaa. Kidevu kikapanda. Kamera ikapita usoni mwa bibi, aliyekuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka, jambo ambalo hakuna aliyemwagiza.

Mwongozaji alisahau kusema kata. Baadaye alimkumbatia fundi bomba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Binti alikuja akichechemea kwa kiatu kimoja, wigi mkononi. Bibi akafungua kiganja na kumwonyesha vibanio.

"Kumbe ni wewe, bibi mchokozi." Binti alicheka, kisha akalitazama wigi. "Lakini ulijuaje? Marehemu nywele zilikuwa zake."

"Zake, ndiyo. Siku ile alikuwa nazo nyumbani, kitandani," bibi akasema, akiinama kumtafutia kiatu cha pili. "Wigi lilikuwa langu."