Koti la Halkano

"Usichome! Lobokat, usichome!"

Dahabo alishuka ukingo wa mto mbio, kandambili moja ikabaki kwenye tope, akajitupa juu ya magunia. Gunia la kwanza lilikuwa limeshashika moto. Alilivuta kwa mikono mitupu, akalimwaga chini, akaanza kupekua matambara yaliyokuwa yakitoa moshi.

"Mama, utaungua!" Lobokat alimshika bega. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na kazi yake ilikuwa kuchoma. Ndivyo kundi la usafi la mtaa wa Bulla Pesa lilivyofanya kila Jumamosi tangu mafuriko: plastiki zilitengwa za kuuzwa, nguo na matambara yakachomwa papo hapo kando ya maji, mbuzi wasije wakayala.

"Kulikuwa na koti kule kwenye kona, chini ya mizizi," Dahabo alisema akihema. "Koti la kaki. Nani amelitoa?"

"Matambara yote tumeyashindilia kwenye magunia. Nitajuaje koti na blanketi, mama? Yote ni tope."

Gakii, mama wa Kimeru aliyeongoza kundi, alimfanyia ishara anyamaze. "Mwache. Anamtafuta mumewe."

Kila mtu pale alijua habari za Halkano. Alikuwa amewaona kwa macho yake watu waliopakia ng'ombe wa wizi kwenye lori huko Gotu, akakubali kusema hivyo kortini. Kesi ilipokaribia, mto ukafurika. Halkano alionekana mara ya mwisho akishuka kuvuka na mbuzi wake. Baadhi ya mbuzi walipatikana wamekufa. Yeye hakupatikana.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Wanaume wawili waliotumwa na wezi hao walizoea kuja na pikipiki hadi mlangoni pa Dahabo. Hawakuamini habari ya maji. "Mume wako amejificha," walisema. Jana walisema neno jingine: kama Halkano hajafa, basi Waqo, mwanawe wa kwanza, ndiye atakayewaonyesha alipo. Wangekuja kumchukua leo baada ya Magharibi.

Dahabo alikuwa amekwenda kwa Sheikh Abdinajib kumwomba amswalie Halkano swala ya jeneza, ile ya mtu ambaye maiti yake haipo, ili mji mzima usikie. Sheikh alikuwa mpole, lakini alikataa. "Mama Waqo, sina maiti, sina hata kiatu. Nitamswalia vipi mtu ambaye huenda yuko Moyale anakunywa chai?"

Alibakiwa na jambo moja tu la kumfanyia mumewe, nalo ni kumpatia swala hiyo.

Alifungua gunia jingine, na jingine. Magauni, mapazia, sponji za godoro, mguu wa suruali bila suruali. Malengelenge ya mikono yake yalikuwa yamepasuka na tope likaingia ndani. Hakusikia maumivu. Jua lilikuwa limeshavuka utosi.

Mmoja wa wale wanaume wa pikipiki alikuwa hapo hapo, amevaa glavu kama watu waliojitolea, na hajaokota hata kizibo cha chupa.

"Kama uliliona, mbona hukulichukua?" alimwuliza.

"Niliogopa."

"Uliogopa koti?"

"Wewe una mama, ama ulizaliwa na pikipiki?" Gakii alimfokea. "Shika gunia usaidie. Kama hutaki, vua hizo glavu zetu!"

Watu waliangua kicheko. Yule mtu alikunja uso, akalivuta gunia lililosalia, akakata kamba. Dahabo hakulikimbilia. Alisimama, mikono kifuani, akamwacha alimwage yeye.

Lilianguka na tope lake: koti la kaki lililopasuka kwapani. Yule mtu akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, akatoa kifurushi cha nailoni kilichofungwa kwa mpira. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho cha Halkano.

Kicheko kikakatika. Kwingineko kitambulisho ni kadi tu. Upande huu wa kaskazini mtu hukipata baada ya kuhojiwa na wazee, na chifu, na kamati, aeleze hata babu yake alizikwa wapi, kisha angoje miaka. Bila hicho havuki kizuizi cha kwanza cha polisi. Mchunga ngamia wa Biliqo hulala nacho kifuani. Mwanamume anaweza kukimbia akaacha mke, akaacha na mifugo, lakini kitambulisho atatoka nacho hata kama nyumba inaungua.

"Inna lillahi," yule mtu alisema polepole. Alikigeuza kile kitambulisho, akaitazama picha kwa muda mrefu. "Kweli maji yalimchukua."

Dahabo alikaa chini kwenye tope, akalia mpaka sauti ikakauka, na Gakii akalia naye.

Safari hii sheikh hakuwa na la kukataa. Swala iliswaliwa baada ya Alasiri, na yule mtu alisimama safu ya mbele. Ilipokwisha alimfuata Dahabo mlangoni pake, macho chini.

"Mungu akupe subira, mama. Hatutakusumbua tena."

Dahabo aliitikia kwa kichwa. Alingoja mpaka mlio wa pikipiki ukapotea upande wa barabara kuu. Kisha alipita katikati ya wanawake waliokuja kumpa pole, akaingia chooni uani, akafunga mlango kwa komeo, akabonyeza namba ambayo hakuwahi kuiandika popote.

"Halkano," alinong'ona, "wameshakuswalia. Usirudi."