Paja la Fisi na Kipande cha Mfalme

Sikieni ya Fisi, mnyama asiyependa kupunguziwa! Alinunua paja la nyati kwa Chui, na kabla ya kumkabidhi, Chui akamega kipande cha Mfalme Simba. Fisi akanuna. Akampa Korongo alipeleke harusini kwa dada yake Fisi, ng'ambo ya mto. Korongo naye akamega kipande cha Mfalme!

"Tena?"

"Ndiyo, bwana. Ndicho kinacholisha walinzi wa kivuko, wanaomfukuza Mamba."

"Lete! Napeleka mwenyewe!"

Fisi akajitosa mtoni, mbali na walinzi. Huyoo, anakaribia ng'ambo! Mara maji yakapasuka, Mamba akalidaka paja zima.

"Niachie japo kipande!" Fisi akalia.

"Kumega ni kazi ya wale wa Mfalme," Mamba akajibu. "Mimi humeza."