Siku Elifuraha Alipozuiwa Kuchekesha

Elifuraha alipofungiwa kwenye stoo ya ofisi ya kijiji, Jumamosi ile mchana, alikuwa bado anacheka. Mgambo aliyetia kufuli alicheka naye. Aliyenuna ni Gidioni peke yake.

"Cheka tu," alimwambia mdogo wake kupitia tundu la mlango. "Jumatatu nikishachaguliwa mwenyekiti, tutaonana."

"Kaka, na wale wanaonisubiri ghalani jioni niwachekeshe?"

"Nitawatangazia mwenyewe."

Wawili hao walizaliwa Masama, baba mmoja mama mmoja, na kwa mbali ungewachanganya: vichwa vilevile vikubwa, vifua vilevile vya jogoo. Mmoja akawa katibu wa kijiji. Mwingine, kwa maoni ya katibu, akawa mpuuzi. Kazi yake ilikuwa kuiga wakubwa. Mwezi uliopita aliingia na kanzu na miwani, ghala zima likasimama kwa sala likidhani ni mwinjilisti. Walipogundua, walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Safari hii, watu walinong'ona, zamu ya kuigwa ni ya Gidioni.

Gidioni aliwadharau wote. Wapika pombe ya mbege, wakata majani ya ng'ombe, watu wa kuchekea chochote! Lakini kura walikuwa nazo wao, na nani ampigie kura Jumatatu mtu aliyemcheka Jumamosi? Aliogopa, basi. Wiki nzima alijitazama kwenye kioo cha Yuditha, mkewe, akitafuta kitu cha kuigwa. Akakiona. Anakohoa kabla ya kusema. Anafunga mikono nyuma. Anainua visigino kila akitamka "ndugu wananchi". Kila alichokiona alikipiga marufuku, na kila alichokipiga marufuku kilirudi kikubwa zaidi, mpaka akawa hajui tena mtu hukohoaje akiwa hajitazami.

Jioni ghala la kahawa lilikuwa limejaa. Halikuwa na dirisha hata moja. Mwanga ulitoka kwenye karabai iliyotundikwa nyuma ya jukwaa. Gidioni akapanda na suti yake ya Kaunda.

Akakohoa.

Watu wakaangua kicheko.

"Ndugu wananchi," akasema, visigino vikapanda vyenyewe. Mama mmoja akaporomoka kwenye benchi kwa kucheka. "Mchezo wa leo umefutwa!"

"Hatudanganyiki leo!" mtu akapaza sauti huko nyuma. Wakampigia makofi.

Washenzi wakubwa! Akawaita hivyo, tena waziwazi. Akawaambia vichwa vyao vimejaa mbege, kwamba bila yeye wasingejua hata mkutano unafunguliwaje, kwamba anawavumilia kwa sababu ya kura zao tu. Hapo ndipo walipojishika mbavu. Wazee wazima walipangusa macho kwa mikono ya makoti.

"Nyamazeni! Nasema nyamazeni!"

Nani anyamaze? Gidioni alijisikia akikohoa tena. Alijiona akifunga mikono nyuma, kama vile yeye mwenyewe amekaa benchi la mbele anamtazama mtu fulani, na mtu huyo, jamani, alikuwa kichekesho kweli. Machozi ya aibu yakamtiririka mbele ya kijiji kizima.

Wakasimama wote, wakapiga makofi na vigelegele.

Mama yake, Bibi Eunike, akaongozwa hadi jukwaani akiwa ameshika kata ya mbege. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemwachia ukungu tu machoni. Ila yeye ndiye aliyekuwa mkongwe kuliko wanawake wote mle ndani, na desturi yao ilikuwa hiyo: anayewachangamsha watu hupewa kata ya kwanza kwa mkono wa mkongwe. Akampapasa mwanawe shavu lililoloa, akiwa bado anatetemeka kwa kucheka, akamkabidhi kata.

"Kunywa, Elifuraha mwanangu. Umemwiga kaka yako, umempatia mpaka basi," alisema, kisha akamvuta sikio karibu ili wengine wasisikie. "Ila hapo pa kulia umekosea, baba. Gidioni hana machozi."