Hodi Kwenye Jiwe

Sikudhani alisaga kipande cha jiwe kwa unga wa msasa mpaka kikawa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga, akakiweka chini ya hadubini.

Ndani yake mlionekana bua la mmea wa kale, wa tangu zama mimea ilipoanza kuota nchi kavu. Na ndani ya bua, katika kijichumba chini ya ngozi yake, walijikunja minyoo wembamba kuliko unywele: wakubwa, watoto, na mayai pembeni. Siku maji ya chemchemi yenye madini yalipowafunika yakaganda kuwa jiwe, wote walikuwa nyumbani.

Chande, mwenzake wa kazi, alichungulia huku akivaa koti.

“Bado kuna ukungu. Sagasaga kidogo tena tupate picha safi. Ila taratibu, ukizidisha wamekwenda hao.”

“Sawa.”

“Usichelewe, dada. Kesho sikukuu, wanao watakukuta bado unanuka vumbi.”

“Hawaji mwaka huu.”

“Wote?”

“Wamepiga simu.”

Chande alimaliza kufunga vifungo vya koti. Akaaga, mlango ukafungwa.

Sikudhani alikigeuza kipande kwenye unga, akakishikilia. Mkono ulikataa kusogea. Akakiosha, akakirudisha chini ya hadubini, akawasha taa yake ndogo. Wote walikuwapo bado, ndani ya ukungu wao.

Akagonga meza polepole kwa kifundo cha kidole.

“Hodi,” alisema.

Kisha akangoja, ameinama, kama mgeni asiyethubutu kuingia kabla hajaitikiwa.