Foleni ya Duka la Dawa

Mama yangu alikohoa mara moja tu, kwenye foleni ya duka la dawa pale mjini Ballarat, mwaka ule wa korona.

"Bibi, rudisha virusi vyako kwenu China," mwanamume mmoja akamwambia. Kwetu ni mtaa wa pili tu.

Kisha akanigeukia mimi, niliyesimama hatua mbili nyuma ya mama. "Na wewe, uko naye?"

Foleni nzima ilinitazama. Mama alikuwa ameishika kwa nguvu pampu yake ya pumu, iliyokwisha dawa tangu jana.

"Simjui," nikasema.

Mama alinitazama kidogo.

"Ni kweli, hatujuani," akamwambia yule mwanamume taratibu. "Mwache binti wa watu anunue dawa zake."

Mama akaondoka. Nami nikasogea, nikasimama alipokuwa amesimama.