Waya Mrefu

"Ipi inashika sauti nzito?" mshonaji aliuliza.

Juu ya meza ya daktari wa masikio palikuwa na mashine mbili za kupandikizwa. Ya kwanza ilikuwa na waya mfupi wa kuingizwa ndani ya sikio, na kitufe kimoja cha kubandika kichwani, kinachofichwa na nywele. Ya pili ilikuwa na waya mrefu, na sehemu yake ya nje ilikaa nyuma ya sikio, kila mtu aione.

Daktari alimgeukia ili mshonaji aweze kumsoma midomo. "Hiyo ya waya mrefu. Unafika ndani zaidi, kwenye sauti nzito. Ila kuuingiza kuna kazi."

"Huo mfupi unatosha," mume wa mshonaji alidakia. "Tena hauonekani."

Binti yao aliinama, akachezea kucha zake.

Mshonaji alicheka. Homa ilimziba masikio angali msichana, kabla hajamjua mwanamume huyu. Alimpenda kwa macho: mwashi, pande la mtu, kifua kama mlango. Miaka yote mumewe akizungumza, yeye huweka kiganja kwenye kifua kile na kujiwazia ngurumo.

"Sijawahi kumsikia mume wangu," alimwambia daktari. "Nipe mrefu."

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya kuwasha mashine, binti alisema, "Mama," na mshonaji akasikia kifaranga akilia ndani ya kopo. Daktari naye kifaranga. Mume, kifaranga.

"Vuta subira," daktari alimtuliza. "Ubongo unajifunza. Sauti zitakaa sawa moja moja."

Zikakaa kweli. Cherehani ilitangulia. Kisha binti akapata sauti laini, yenye mikwaruzo kidogo asubuhi. Mshonaji alitokwa machozi, akamwomba amsomee hata maandishi ya pakiti ya chumvi, mradi asinyamaze. Hata jirani mgomvi alipendeza kumsikiliza.

Mumewe ndiye aliyekuwa mkimya siku hizo. Akitaka chai, alionyesha kikombe.

Wakarudi kliniki. "Wote nimewapata," mshonaji alisema, "ila mume wangu bado kifaranga. Hebu ongeza huko kwenye sauti nzito."

Daktari alipima, akapima tena, akakuna kidevu. Mashine haikuwa na kasoro. Mwashi alikuwa akitazama nje dirishani.

Binti alimshika mama yake mkono.

"Mama," alisema taratibu, "baba ndivyo alivyo."