Bei ya Viti

Siku hizi kitu kilichotengenezwa kwa mkono hupangiwa bei na mashine ya tathmini, nayo huangalia jambo moja tu: aliyekitengeneza amebakiza muda gani wa kuishi. Muda ukipungua, bei hupanda.

Mimi na mke wangu, Siwema, tumeunda gari la mbio la Kitaliano uani kwetu, Makambako. Ni la kuiga. Bodi ya faiba niliitengeneza mimi, injini tuliitoa kwenye teksi kuukuu, na viti vya ngozi alivishona yeye. Tulitaka kuliuza tuezeke nyumba.

Jumamosi nililipima kwa mashine hiyo. Bodi ilikuwa na bei ileile ya mwaka jana. Viti vilikuwa vimepanda mara tatu. Nikapima tena, polepole, nikapata vilevile.

Sijaizima mashine, dalali Mbilinyi akapiga simu. Vipimo vyote humfikia.

"Shikamoo, mzee. Gari kaa nalo. Mimi nachukua viti."

Nikakata simu. Siwema akatoka jikoni akifuta mikono.

"Vipi, baba Atu? Debe lako limepata bei?"

"Imepanda."

Kicheko kikamwisha. "Imepanda wapi?"

"Kwenye bodi," nikasema.

Akaniondolea spana mkononi. Tangu hapo hanishikishi kitu kizito. Hata sasa amenikalisha ndani ya gari, kwenye kiti chake laini, naye anapandisha kilima na ndoo ya maji kichwani, akiniashiria kwa mkono nisiinuke.